Mdudu wa Wifi

Kwenye duka lake la dawa za mifugo walimwita Mama Minyoo, na hakuwa na simile na mteja mjinga. Kaka yake alipoingia akaomba dawa ya minyoo ya ng'ombe, alimrukia.

"Una ng'ombe gani wewe, hata kuku huna?"

"Ya wifi yako. Nesi kasema ana mdudu kwenye ini."

Mama Minyoo, aliyekwisha kuyasoma majibu ya hospitali, akakaa kwenye gunia la pumba. Nesi yule ana huruma za kipumbavu. Neno kansa lilimshinda kutamka.

"Sikiliza, kaka. Dawa hii inamlegeza mnyoo, anashindwa kung'ang'ania utumbo, anatoka na kinyesi. Hata binadamu mwenye minyoo hupewa za aina hii, kwa kipimo cha watu. Wifi hana mnyoo. Ni nyama yake mwenyewe imeota vibaya. Itaachia nini?"

"Mbona watu wanasema inaponya?"

"Watu! Nionyeshe mmoja."

Kaka alitazama rafu zilizojaa mpaka darini: dawa ya kupe, ya viroboto, ya kuhara.

"Basi nipe ya nyama," alisema taratibu.

Hakuwa nayo. Kaka hakubishana, alivuka barabara, akanunua ile ya ng'ombe duka la pili.

Siku chache baadaye Mama Minyoo alikwenda kumwona mgonjwa. Wifi alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke, lakini alitabasamu.

"Mdudu kaachia, wifi," alinong'ona. "Tangu jana hata njaa siisikii."