Maksai Wetu Hawakuchinjwa

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Bariadi. Darasani sinyooshi mkono hata nikilijua jibu. Naomba ukurasa wenu wa ushauri ufiche jina langu.

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, yupo mmoja anayewakopesha wakulima mbegu na dawa. Baba alikopa, akaweka rehani maksai wetu wawili, Polisi na Dereva. Mvua ikakataa. Mnunuzi akaja na vijana wake, akawaswaga. Baba akasema, "Basi, deni limekwisha."

Kumbe! Baada ya muda mnunuzi akarudi. Eti maksai walikonda, kawauza buchani kwa bei ya nyama, deni halijatimia, na salio atajilipa kwa shamba letu la pamba.

Baba akamuuliza, "Uliwauza kwa nani? Shilingi ngapi?"

Akacheka. "Mzee, wewe ndiye unayebisha. Thibitisha!"

Aliyeuza ni yeye. Bei anaijua yeye. Baba hakuwepo wala hakuitwa, atathibitisha nini? Kwenye mdahalo shuleni, anayedai ndiye anayethibitisha. Huyu anadai salio, halafu ushahidi tulete sisi! Na majirani nao wanatikisa vichwa: "Kweli mzee, huna ushahidi."

Sasa siri yangu. Mama alinituma kijiji cha Kasoli nimpelekee kaka yake michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamkuta mjomba shambani, maksai wawili wanamvutia plau. Niliita kwa sauti ndogo tu, "Dereva!" Akasimama, akageuza kichwa, plau ikayumba.

Mjomba akanivuta pembeni. "Mayu, mama yangu, nimewanunua kwa haki, bei kamili ya ng'ombe wa kulimia. Lakini yule bwana ameniomba ninyamaze, na wewe nyamaza. Ukisema, mama yako hana kaka tena."

Mjomba huyuhuyu alikuja kwetu kumpa baba pole, akala na ugali wetu!

Barua hii niliianza Jumapili ili mnishauri: niokoe shamba la baba, au undugu wa mama? Sikuwahi kuituma; ya juu nimeyaacha kama nilivyoyaandika siku ile. Jana baraza la kata likakaa kuamua kesi ya shamba letu.

Mnunuzi akasema, "Mzee, shahidi wako yuko wapi? Au ni wale ng'ombe waliokwisha kuwa supu?"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, amekaa benchi moja na mama.

Nikanyoosha mkono. Nikasema Dereva hajawa supu, analima Kasoli, na aliyemnunua ni yule pale anayecheka. Aulizwe yeye alilipa shilingi ngapi.

Kicheko kikakatika. Mama hakunitazama. Alijifunga kanga vizuri, akainuka pale alipokaa na mjomba, akaenda kukaa karibu na baba.

Mwenyekiti akasema hakunisikia vizuri. Nikarudia, kwa sauti.