Namba Kumi na Tisa Haugui

Wafagiaji wa barabara wa mji ule walikuwa thelathini na mmoja, wote wanawake, na kila mmoja alikuwa na kizibao cha njano chenye namba kubwa nyeusi mgongoni. Namba kumi na tisa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mabega mapana. Wenzake walimwita Bi Chuma, kwa sababu katika daftari la ofisi alikuwa hajaugua hata siku moja kwa miaka tisa.

Daftari lilisema uongo. Bi Chuma alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana uongo wenyewe aliutunga yeye.

Kabla ya kushika ufagio alikuwa mfua mashuka katika hospitali ya serikali. Alifua miaka saba, mpaka alipougua mapafu akalazwa wiki tatu palepale, juu ya mashuka aliyoyafua kwa mikono yake. Aliporudi kazini na karatasi ya daktari, alimkuta shemeji wa mkubwa wa stoo amesimama mbele ya beseni lake, amevaa aproni yake. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa. Walimwambia tu, "Tulidhani hurudi." Mumewe naye, alipoona mshahara umekatika, akakumbuka kwamba ana safari. Mpaka leo yuko safarini.

Basi alipopata kazi ya kufagia, aliingia na kinyongo chake kizima, kama mtu anayehama na godoro lake. Sheria ilikuwepo, ndiyo. Mfanyakazi wa umma akiugua, apewe ruhusa na alipwe. Lakini karatasi ya daktari ilipitia kwa msimamizi, na wanawake waliopeleka karatasi mara mbili tatu walikuwa na bahati mbaya ya majina yao kusahaulika mikataba ilipoandikwa upya. Bi Chuma hakukanyaga shule, ila hilo alilisoma upesi.

Akachunguza na jambo jingine. Msimamizi alipita na gari mara mbili kila asubuhi, akashusha kioo nusu. Ndiyo maana walimwita Nusu Kioo. Uso wa mtu hakuutazama. Alitazama migongo, akatia alama daftarini kwa kila namba aliyoiona hata mara moja, akapandisha kioo, akaenda zake. Kwa hiyo mmoja akiugua, mwenzake alimaliza kipande chake mbiombio, akakata kona, akavua kizibao chake na kuvaa cha mgonjwa, akafagia na kipande cha pili. Nusu Kioo akipita, namba ipo na vumbi linatimka. Mgonjwa kalala kwake, kazi yake salama. Akipona, naye huvaa cha mwingine.

Miaka tisa mchezo ulikwenda hivyo. Homa, migongo, mimba zilizoharibika, vyote vilipita chini ya vizibao vya njano na ofisi haikujua kitu.

Mwaka huo zamu ya Bi Chuma ikaja kwa kishindo. Tumbo lilimlaza siku tano. Alipokwenda hospitali, daktari alimwambia ana uvimbe kwenye kizazi, lazima upasuliwe, na baada ya hapo asishike ufagio wiki sita.

"Mama, umemsikia daktari," alisema binti yake, fundi cherehani, mguu juu ya pedali. "Wiki sita."

"Nimemsikia. Masikio hayajaota uvimbe."

"Sasa tunakwenda lini?"

"Mwanangu, siku tano wenzangu walinibeba. Wiki sita hata mbwa wa barabara ile atauliza niko wapi."

Jirani yao aliyekuwa amekaa kizingitini hakuweza kunyamaza. Hata siku za kawaida hakuweza. Alikuwa namba saba, na watu walimwita Redio. Ndiye aliyevaa kumi na tisa zile siku tano.

"Shoga, tutakubeba tu. Mimi nina miguu ya paka."

"Una miguu ya mama wa miaka arobaini na tisa mwenye kisukari."

"Paka mwenye kisukari, basi. Kwani anashindwa kutembea?"

Binti alicheka. Bi Chuma hakucheka. "Safari hii naomba ruhusa ya kweli," alisema. "Karatasi, mhuri, kila kitu. Kama watu." Maneno yalimtoka kwa uchungu kama anayetema kidonge.

Kabla hajaipeleka karatasi, habari ikawafikia kwamba baraza la mji linataka kuiondoa ruhusa yenyewe. Wafagiaji, wazoa taka na walinzi wakiugua, wakae nyumbani bila malipo, na baada ya siku kumi nafasi ipewe mwingine. Madiwani wangelijadili Alhamisi mchana, na wafanyakazi waliruhusiwa kukaa nyuma wasikilize.

Wakaenda wote. Walivaa magauni yao mazuri, vizibao wakaviacha nyumbani.

Diwani mmoja, muuza saruji, ndiye aliyeanza. "Waheshimiwa, jambo ni rahisi. Ukimlipa mtu kwa kuugua, ataugua."

Diwani mama, muuguzi mstaafu, akainuka. "Mheshimiwa, mwaka jana ulivunjika mguu, ukapokea posho miezi miwili. Uliuvunja makusudi?"

Ukumbi ukacheka. Muuza saruji akajifuta jasho. Wanawake wa nyuma wakaanza kuona mwanga.

Ndipo ofisa utumishi akafungua faili lake, bila hasira, bila haraka. "Wafagiaji thelathini na mmoja. Miaka tisa. Siku za ugonjwa zilizoandikwa, kwa wote, ni kumi na nne." Akavua miwani. "Hawa watu hawaugui. Tunabishania kitu ambacho wao wenyewe hawakihitaji."

Muuguzi mstaafu aliomba kuliona faili, akalisoma, akalirudisha.

Bi Chuma alilielewa kabla ya wote. Kila siku waliyomficha mwenzao ilikuwa imekuja pale ukumbini na kukaa upande wa muuza saruji. Angenyamaza, ruhusa ingekufa, na yeye achague kati ya uvimbe na ufagio. Angesema, huenda wafukuzwe wote thelathini na mmoja, tena kwa ujanja wake. Alitazama mikono yake. Akakumbuka lile beseni, na ile aproni.

Akasimama.

"Mama, kaa, hapa wafanyakazi hawaulizi maswali," alisema mwenyekiti.

"Sina swali, mheshimiwa. Hiyo hesabu ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Tumeipika."

Redio alimvuta gauni. "Kaa chini, wewe! Unatufukuzisha!"

"Niachie nguo." Kisha akaeleza yote, mambo ya vizibao, kona na gari. Hakupamba. Alipomaliza, ofisa utumishi alikuwa anatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Msimamizi anawaona kila siku."

"Yule pale ukutani," alisema Bi Chuma. "Mwulizeni namba kumi na tisa ni nani kati yetu. Tumekaa hapa, mchana kweupe."

Mwenyekiti akamwita Nusu Kioo. Mtu mzima yule alisogea mbele, akatazama safu za wanawake ambao alikuwa amewahesabu miaka tisa, na jasho likaanza kumtoka. Bila namba zao alikuwa kama amewaona leo. Hatimaye akamnyooshea kidole Redio. "Huyu. Mwezi uliopita nilimwona nayo kabisa."

"Mimi ni saba, bosi!" Redio alisimama, na kwa kuwa alishasimama, akaona aendelee. "Kumi na tisa ni huyu. Mwezi uliopita alikuwa kitandani anagumia, mimi nikawa saba na kumi na tisa. Barabara mbili, mgongo mmoja!"

Kicheko kilipasuka mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia.

"Mmesikia!" muuza saruji alipiga meza. "Wamekiri udanganyifu! Wachukuliwe hatua!"

"Kuna siku ulipita barabara yetu ukaikuta haijafagiliwa?" Bi Chuma alimwuliza.

Muuza saruji alimgeukia mwenyekiti.

"Nakuuliza wewe, mheshimiwa. Ipo?"

"Si hoja hiyo."

"Ndiyo hoja. Kazi yenu ilifanyika yote. Tulichoiba ni usingizi wetu wenyewe, tukampa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa aliyewaletea karatasi hamkumtaka tena. Mimi hospitali yenu iliniponya, kazi yenu ikaniua. Na sasa nina uvimbe. Nataka kupasuliwa na nataka kurudi kazini. Vyote viwili. Nimemaliza, nifukuzeni."

Akakaa.

Hawakupiga kura siku ile. Muuguzi mstaafu alipata pumzi. Akaomba siku za ugonjwa zihesabiwe upya, safari hii kutoka vitabu vya zahanati, siyo vya Nusu Kioo. Hesabu ilichukua wiki mbili, na namba iliyorudi ilikuwa kubwa hata hakuna diwani aliyeisoma kwa sauti mara mbili. Ruhusa ikabaki, na karatasi za daktari zikaanza kupelekwa ofisi kuu moja kwa moja. Muuza saruji alikataa mpaka dakika ya mwisho, akashindwa kwa kura tatu.

Bi Chuma alipokea barua mbili siku moja. Binti yake alimsomea.

"Hii ni onyo kali kwa udanganyifu."

"Na hiyo nyingine?"

"Ruhusa ya wiki sita, kwa malipo."

"Ya onyo iweke chini ya mguu wa meza, inayumba."

Asubuhi ya kwenda kulazwa, alipeleka kizibao chake stoo. Mtunza stoo alikigeuzageuza. Tangu aanze kazi hakuna aliyerudisha kizibao kwa sababu ya kuugua, na hakujua akiandike wapi. Nusu Kioo alikuwa nje garini. Alishusha kioo nusu, akasita, akafungua mlango akashuka.

"Kumi na tisa," alisema, kalamu mkononi. "Samahani, dada. Jina lako nani?"

Akamtajia majina yake yote matatu, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shule. Nusu Kioo akaandika.

Wiki mbili baadaye Redio alimkuta wodini, ameegemea mto, anakunja uso.

"Kunauma?"

"Hapana. Shuka hili halikusuuzwa vizuri. Na kipande changu?"

"Yupo kibarua wa muda. Anafagia kama anachana nywele za mtoto anayelia."

"Usinichekeshe, nina nyuzi!" Bi Chuma alishika tumbo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini swali aliloogopa kuliko kisu cha daktari. "Kavaa kizibao changu?"

"Hana namba yeye, amepewa kitupu. Chako kimetundikwa stoo, na Nusu Kioo amekataza kisiguswe."

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na alikuwa ameshuka kwenye gari."

Bi Chuma alilinyoosha shuka kwa kiganja.

"Bado wiki nne," alisema.

"Basi ugua, shoga. Mimi leo ni saba peke yake."