Bati la Asnath

Siku ya kwanza kumwona Asnath, alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa. Nilikuwa nimekuja Mgori kutia udongo mpya juu ya tembe la baba yake, mzee Yeremia, kabla mvua hazijaanza, na binti alikuwa akinipokea ndoo. Wanafunzi wenzake wa sekondari wakapita barabarani.

"Asnath! Usiku umelala na panya wangapi kwenye nyumba ya udongo?"

Akajitupa kwenye tope bichi mpaka wakapotea.

"Umeanguka?" nikauliza.

"Shikamoo, fundi. Sijaanguka. Nimejificha."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara. Maduka ya Singida mjini yalijaa mabati, na watoto wa wachuuzi walianza kulala chini ya bati. Mzee Yeremia alikuwa na ng'ombe kuwashinda baba zao wote. Kila asubuhi watu walimjia kuomba maksai wa kulimia. Nilimwambia Asnath hivyo tulipokuwa tukila.

"Ng'ombe wanashinda porini, fundi. Nani anawaona? Nyumba ndiyo inaonekana."

Aliacha kwenda kwaya. Chakula akawa anakionja tu. Baba yake alimtazama hivyo msimu mzima, kisha akaswaga ng'ombe karibu wote mnadani na kuniita tena.

"Mwezekee mwanangu bati," alisema. "Nyumba imekuwa kama ya msiba."

Tulipomaliza, Asnath aliwaleta wenzake wakanywa chai uani. Walizungumza kwa kelele, na yeye kelele zake ziliwazidi wote. Mzee alisimama nyuma ya nyumba akisikiliza, fimbo mkononi, kama mtu aliyetumwa mahali akasahau.

Furaha ile haikufika mbali. Mwaka uliofuata mvua zilikata mapema, ng'ombe wachache waliobaki wakafa, ada ikakosekana, na Asnath akaacha shule. Hakuna aliyekuja tena kuomba maksai. Kilabuni vijana walimtania mzee: "Mzee Bati, leo umekamua nini?" Alitabasamu, akaacha kwenda kilabuni. Akawa anashinda ndani.

Ndipo akaja mchumba kutoka Ulemo, mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye mifugo mingi. Mzee alikataa. Asnath ndiye aliyekubali. Mama yake, Lea, alimsihi sana.

"Mama, watu wamsalimie baba kama zamani," akajibu. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi."

Ng'ombe wa mahari wakaletwa. Mzee hakutoka kuwatazama.

Siku ya kuondoka nilisaidia kupakia sanduku lake kwenye gari. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele. Asnath alikwenda mpaka mlangoni, akagusa fremu, akarudi na kunishika mkono.

"Fundi, ingia wewe ukakae na baba. Mimi nikiingia, sitatoka."