Ndege wa Asali na Bibi Nyamizi

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Hesabu yangu ni hii: jana yake ilikuwa siku ya gulio la Jumanne, na treni ya saa nne ilikuwa imetoka kupiga honi stesheni ya Goweko.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nikimfuata porini baba mdogo Maganga, mrina asali. Siku tatu kabla, ndege wa asali alituita, akatutangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Maganga alirina, kisha akayafukia masega matupu ya nta, ndege asiyapate.

Bibi Nyamizi, mama yake mzazi, alipopata habari alifoka. "Maganga, mwachie ndege nta yake! Ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka."

"Mama, akishiba si atalala?" Maganga akacheka. "Acha njaa imkumbushe kazi."

Jumatano hiyo ndege akaita tena, akatua juu ya mti wenye tundu chini ya shina. Maganga hakuwasha moshi, hakuchokoa kwa kijiti. Aliingiza mkono. Nyoka aina ya kifutu akamuuma.

Alipona, mkono ukabaki umekauka. Mbele ya watu akauliza, "Mama, ulimtaja nyoka kabla hajaniuma. Ulijuaje?"

"Ndivyo tulivyoambiwa na mama zetu, mwanangu."

"Na hao mama zenu walikuwa wakiruka na ungo?" mtu akadakia. Watu wakacheka.

Kabla mahindi hayajakomaa walimfukuza Bibi Nyamizi kijijini, wakimwita mchawi. Alikwenda kufia Usinge, kwa kaka yake. Mimi nilifungua mdomo niseme nilichokiona. Baba akanikazia macho, nikaufunga.

Kusoma nilijifundisha nikiwa na mvi. Kitabuni nikakuta kwamba ndege huyo huanguliwa katika viota vya ndege wengine, hamjui mama yake, wala hafundishwi na yeyote kumwita binadamu. Amerithi: walioita walikula nta, wakazaa. Kisasi hakijui. Nasi tumerithi yetu. Mababu walioshuku kila kilichotikisika majanini walipona, wakatuzaa sisi, tunaotafuta mkono wa mtu nyuma ya kila jeraha.

Nimeelewa. Sijasamehe. Ndege hana ulimi wa kuuliza; wao walikuwa nao, na hakuna aliyeniuliza mimi niliyekuwapo.

Hadi leo wanasimulia kwamba Maganga aliumwa usiku wa Ijumaa, na nyoka akayeyuka gizani. Uongo. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua likimulika tundu lile. Na kijiti cha kuchokolea kilikuwapo. Nilikishika mimi, hatua tatu nyuma yake.