Alistidia na kiwanja cha Ngenge alichokikosea

Saa tatu asubuhi, Alistidia Kahangwa amesimama katikati ya rweya, mbuga ya nyasi ya Ngenge, wilayani Muleba, na ukimtazama unaona hafanyi chochote. Ng'ombe watatu wameacha majani wanamshangaa. Mkononi ana kifaa kidogo mfano wa simu ya batani, amekinyanyua usawa wa kifua kama mtu aliyeshika mshumaa wa Pasaka.

"Dakika kumi," anasema bila kugeuka. "Satelaiti hazipendi mtu mwenye haraka."

Alistidia, mwenye umri wa miaka 34, si rubani wala fundi wa ndege. Ameajiriwa na shirika dogo linalorusha ndege ya viti sita kutoka Bukoba kufuata wagonjwa vijijini pale barabara zinapokatika. Kazi yake ni kuiambia ndege hiyo kijiji kiko wapi.

Viwanja vikubwa vya ndege tayari vimo ndani ya GPS ya ndege. Rweya kama hii ya Ngenge, penye nyasi zilizofyekwa na mawe yaliyopakwa chokaa, haimo. Ni lazima mtu afike kwa miguu yake, apime, kisha akaandike latitudo na longitudo ndani ya kifaa na kuzipa jina. Wenyewe huiita pointi. Rubani akilichagua jina hilo, mshale unamwelekeza hata kama chini ni mawingu matupu.

"Nikiandika vibaya, ndege itakwenda kwa uaminifu kabisa mahali pasipo," anasema, na hacheki.

Leo anapima upya kwa sababu mvua za masika zimekula ncha moja ya kiwanja, na wanakijiji wamekisogeza mita mia tatu upande wa mlima. Namba zimeshatulia kwenye kioo, lakini Alistidia haziandiki. Anamsubiri mtu wa pili wa kuzisoma kwa sauti. Kwa kawaida ni muuguzi wa zahanati, ila leo muuguzi ana foleni ya akina mama wenye watoto.

Utaratibu wa mtu wa pili una chanzo chake, na chanzo hicho kilitokea hapa hapa Ngenge.

Alistidia alizaliwa Nshamba, mtoto wa nne wa mzee Clavery, mkulima wa kahawa na migomba aliyeuza magunia yake ya kahawa misimu miwili mfululizo ili binti asomee cheti cha kompyuta. Miaka minne iliyopita akapata kazi hii, kwa mshahara ambao leo umefika shilingi 520,000 kwa mwezi. Siku ya kwanza rubani, Kapteni Riyadhi, ambaye naye alikuwa ndio kwanza ametoka Dodoma, alimuuliza kama anajua kuandika pointi.

"Nikasema najua," anakumbuka. "Niliona mtu akiandika mara moja tu. Lakini unatujua sisi Wahaya, watani wanatuita nshomile, wasomi wa kujisifu. Mtu mwenye cheti atauliza? Ulimi ukanitangulia."

Wiki ya tatu kazini, mvua ikafunika daraja, na redio ya upepo ikaita kutoka zahanati ya Ngenge. Mzazi aliyeitwa Joviana alikuwa amejifungua salama, lakini damu haikatiki. Muuguzi, Gamaliel, alisoma namba za kiwanja kutoka kwenye simu yake. Latitudo ilikuwa moja nukta hamsini na nane. Alistidia akaandika digrii moja, dakika hamsini na nane, akampa Kapteni Riyadhi mkono wa kwaheri.

Kosa lenyewe ni dogo mno, na ndilo linalomuuma. Simu ilikuwa inasema kwa desimali, kifaa cha ndege kinataka dakika. Ni kama saa: saa moja na nusu, yaani moja nukta tano, ni saa moja na dakika thelathini, si dakika hamsini. Dakika zilizotakiwa zilikuwa karibu thelathini na tano. Longitudo nayo ikaandikwa kwa mtindo huo huo.

Ndege ikapaa, ikaingia mawinguni, ikafuata mshale. Baada ya robo saa, sauti ya Kapteni Riyadhi ikaja redioni: "Mawingu yamefunguka. Ziwa liko kushoto kwangu, karibu kabisa. Kiwanja sikioni."

"Nilisimama kwenye kiti," anasema Alistidia. "Ngenge na ziwa wapi na wapi! Mimi ni mtoto wa Nshamba. Nikavuta karatasi yangu, nikaiona ile nukta."

Hakukuwa na muda wa kujipanga. Angeweza kusema kifaa kimegoma, au mtandao umesumbua, na nani angembishia? Akashika kipaza sauti na kusema maneno anayoyakumbuka hadi leo: "Kapteni, usiendelee mbele. Pointi niliyoandika si sahihi. Kosa ni langu." Kisha akamsomea namba mpya, polepole.

Ndege ilifika Ngenge ikiwa imechelewa dakika ishirini na mbili. Joviana alifikishwa hospitalini Bukoba akiwa amepoteza fahamu. Alikaa wodini siku kumi na moja, akarudi nyumbani na binti yake, Evelyne, ambaye sasa ana miaka minne na maneno mengi kuliko redio.

Jioni ile Alistidia alikusanya vitu vyake kwenye mfuko, akasubiri kufukuzwa. Kapteni Riyadhi aliingia na vikombe viwili vya chai.

"Nilikuwa na hasira, sitadanganya," rubani huyo anasimulia kwa simu akiwa uwanjani Bukoba. "Lakini angenyamaza, ningezunguka pale mpaka mafuta yanikatae. Na mimi pia nilipaswa kulinganisha na ramani kabla ya kuruka. Tukakubaliana: tangu leo hakuna namba inayoandikwa na mtu mmoja. Mmoja ataje, mwingine arudie."

Tangu siku hiyo Alistidia ameandika pointi kumi na saba bila kosa. Pointi ya Ngenge haikuwa miongoni mwake, kwa kuwa Kapteni Riyadhi aliihifadhi mwenyewe siku ile ile magurudumu yalipogusa nyasi. Hivyo leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga hapa, na ukweli ni kwamba alikuwa anapakwepa.

Aliyemfanya apakwepe ni mama mkwe wa Joviana, Mama Evodia. Kila mwaka bibi huyo hutuma shukrani Bukoba kwa "binti wa redio": mkungu wa ndizi, na kuku juu yake. Ndizi Alistidia aligawia majirani. Jogoo wa kwanza hakuthubutu kumchinja. Amezeekea uani, na sasa anawika anapojisikia.

"Ningemlaje?" anauliza. "Mtu ananishukuru kwa kumwokoa mkwe wake, naye hajui kwamba mimi ndiye nilimchelewesha. Kila jogoo alikuwa ananisuta."

Kabla mtu wa pili hajapatikana, Mama Evodia mwenyewe anatokea upande wa migomba akipunga mkono.

"Kasinge waitu!" anaita kwa salamu ya Kihaya. "Unasimama juani kama mlingoti, na nyumba tunayo? Njoo, mwanangu."

Nyumbani, chini ya picha ya Bikira Maria na kalenda ya chama cha ushirika, analetewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni wa Kihaya hupewa atafune kabla ya neno lolote. Kuzikataa ni kumkataa mwenye nyumba. Alistidia anazipokea kwa mikono miwili, anazifumbata, lakini hapeleki kinywani. Joviana, aliyezileta, anamwona. Bibi naye anamwona, na uso unaanza kubadilika.

"Mama, naomba niseme kwanza, halafu ndipo nitafune, kama bado mtataka," anasema Alistidia. "Siku ile ndege ilichelewa. Haikuwa mvua. Niliandika namba vibaya. Joviana alikuwa anaisha kwa sababu yangu, na mimi nimepokea kuku wenu miaka minne."

Mama Evodia anamtazama mkwewe, na wote wawili wanaanza kucheka, kicheko cha chini cha watu waliotunza siri muda mrefu.

"Mwanangu, tulikuwa zahanati," anasema bibi. "Nilikuwa nimemshika huyu kichwa, redio iko wazi pale dirishani. Tulikusikia. 'Kosa ni langu.' Kijiji kizima kilisikia!"

"Mlijua?"

"Siku ile ile. Unadhani kuku wale walikuwa wa nini?" Mama Evodia amesimama sasa, kitenge amekikaza kiunoni. "Nimeishi miaka sabini na moja. Nimeona waliotukosea, wakubwa kwa wadogo. Mmoja tu nimemsikia akisema kosa ni langu kabla hajaulizwa, na mkwe wangu angali hai. Wewe ungekaa kimya, leo ningekuwa na kaburi pale nyuma ya kahawa. Tafuna, waitu."

Alistidia anatafuna. Machozi yanamtoka waziwazi na hajali kuyafuta. "Wakola," anashukuru kwa Kihaya, mara mbili, maana Kiswahili kimemwishia. Joviana anamshika bega, naye analia na kucheka kwa pamoja.

"Tena huyo jogoo umchinje," Mama Evodia anaongeza. "Atakuwa mgumu sasa. Mchemshe kutwa."

Mchana wanarudi kwenye rweya wakiwa watatu. Mtu wa pili amepatikana. Joviana, aliyemaliza darasa la saba na anayeuza mchele sokoni, anakipokea kifaa, anakigeuza, anauliza kila alama ina maana gani. Haoni haya kuuliza. Alistidia anamweleza kwa mfano wa saa, naye anaelewa mara moja.

Hapo ndipo Alistidia anapotaja anachokiota. Anataka kila kijiji chenye kiwanja kiwe na watu wawili wa kwao wanaoweza kusoma namba hizi na kuzitaja redioni bila kukosea, ili siku daraja litakapozama tena asitegemewe yeye wala nukta ya simu. Ameshamwandikia mkuu wake barua, na Kapteni Riyadhi ameweka sahihi chini yake. Nafasi mbili za kwanza ni za Ngenge, na moja ameijaza leo.

Anafungua daftari, kalamu tayari. "Haya, taja."

Joviana anasimama wima mahali ambapo ndege itagusa nyasi, anasafisha koo, na anasoma kwa sauti ya kusikika hadi kwa wachunga ng'ombe: "Kusini, digrii moja. Dakika thelathini na nne..."

Ananyanyua macho. "Umeandika dakika?"

"Dakika," anajibu Alistidia. "Endelea, mama."