Farasi wa Cherehani

Jumamosi iliyopita mwanangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, nami nikiwa jikoni nachambua sombe, yale majani ya muhogo, nikasikia tarumbeta. Si za kanisani. Zilikuwa zile za filamu za zamani za Hollywood, zinazolia Wahispania wanaposhuka merikebuni na kuchomeka bendera mchangani kana kwamba pwani nzima waliachiwa na babu yao. Niliacha majani kwenye beseni nikaenda kuchungulia. Ndiyo hiyo hiyo, ndugu yangu. Kofia za chuma, ndevu zilizochongoka, hekalu la maboksi. Nikakaa chini, mikono ingali imelowa.

Filamu ile niliijua nikiwa na miaka kumi, ghorofa ya sita ya jengo moja hapa Berea, huku kusini tulikohamia, katika chumba cha fundi cherehani. Yeye alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, sisi wa Uvira, kwa hiyo alikuwa akitutania kwamba Kiswahili chetu kimelowa maji ya ziwa, nasi tukimwambia chake kimejaa vumbi la shaba. Tuliishi mkabala na mlango wake: mama yangu, mimi, na bibi yangu tuliyemwita Koko. Fundi alikuwa na televisheni yenye mgongo mkubwa, deki, na kanda sita saba hivi alizoachiwa na mzee mmoja mpangaji aliyehama. Zote zilikuwa za Wahispania na dhahabu. Basi tukatazama Wahispania.

Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa, jengo zima lilihamia kwake. Kina mama walisukana nywele, jirani akakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, mpaka macho yakatuwasha, na huko chini teksi zikapiga honi kwenye roboti, yaani taa za barabarani. Mimi nilikuwa na cheo. Kabla watu hawajakaa nilipita sakafuni na sumaku kuokota pini, na kwa kazi hiyo fundi aliniamini hata ufunguo wa chumba.

Huko kwao, katika vibanda vya video, filamu isiyo na msimulizi ni picha tu. Kwa hiyo alizima sauti kabisa, akakaa nyuma ya cherehani yake, akasema yote mwenyewe: nahodha, kasisi, chefu, yaani mtawala wa wenyeji, binti yake, hata kasuku. Farasi walipoanza kukimbia alikanyaga pedali bila uzi, na chumba kikajaa mbio. Tangu hapo nimesikia farasi wa kweli. Hawafiki hata nusu.

Chefu mwenyewe alikuwa mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia, na nyuma ya masikio rangi haikufika. Koko aliliona hilo mara ya kwanza tu.

"Huyu shingo yake iko vipi?"

"Mama yake njo alikuwa muzungu," fundi alijibu bila kupepesa macho, na hadithi ikaendelea.

Wahispania walimkamata chefu yule, wakamfunga kamba, wakamlazimisha awaongoze milimani kwenye dhahabu. Hapo Koko aliacha kumenya karanga. Lazima nikwambie kwa nini. Mwanawe wa kiume, mjomba wangu, alikamatwa na watu wenye bunduki akitoka sokoni, wakambebesha magunia ya mawe ya migodini, wakaingia naye msituni. Ilikuwa miaka minne, na hapakuwa na habari yoyote. Sisi tulikuwa watatu nyumbani, lakini kila jioni Koko alipakua sahani nne. Ya nne aliifunika, ikangoja usiku kucha, na asubuhi niliila mimi kabla ya shule.

"Na sasa banamupeleka wapi?" Koko aliuliza kila tulipotazama filamu ile, kana kwamba safari hii njia ingebadilika.

Msafara ulipofika kwenye daraja la kamba, fundi alisimamisha deki. Mwisho wa kanda umeliwa na mashine, alisema, hapa pengine patakwama. Kisha akatumalizia kwa mdomo: chefu alikata kamba zake kwa jiwe, akaruka juu ya farasi wa nahodha, akapotelea kwenye ukungu. Pedali ilienda kwa kasi, halafu polepole, halafu polepole zaidi, kama mtu anayekaribia kwao.

"Alifika?" Koko aliuliza.

"Iko njiani, mama. Ile milima ni mingi."

Koko alitikisa kichwa, akarudi kwenye karanga zake.

Jumamosi moja fundi alienda Soweto kupeleka magauni ya harusi. Mimi nilikuwa nimesifiwa shuleni kwa Kiingereza, na mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, basi kichwa kilikuwa kimevimba. Nilifungua chumba kwa ufunguo ule, nikamwita Koko peke yake, nikaongeza sauti. Nilitaka ajue kwamba mjukuu wake anaweza kutafsiri maneno yenyewe, si ya kubuni. Daraja la kamba likafika. Niliacha kanda iendelee ili tu nione inakwama wapi.

Haikukwama popote. Ilikuwa nzima kama siku iliponunuliwa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikatafsiri. Sasa wamefika kwenye dhahabu. Sasa hawamhitaji tena. Sasa wanamfunga kwenye nguzo, kasisi anasoma. Nilikuwa nikitafuta maneno mazuri, unaelewa? Nilijiona hodari.

"Na sasa?" Koko aliuliza.

"Amekufa, Koko."

Alikaa mpaka maandishi yakaisha kupanda kwenye kioo. Kisha akakusanya maganda ya karanga kwenye kanga yake, akasema, "Aksanti. Umeeleza muzuri," akatoka.

Jioni ile alipakua sahani tatu.

Mama alizitazama, akanitazama mimi. Kesho yake mchungaji aliitwa, wanawake wa jengo wakaja na sukari na unga, na mjomba akaliliwa siku tatu. Wakati huo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilijificha nyuma ya magauni kwa fundi nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Fundi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kizungu najua, mtoto yangu," alisema. "Ile mwisho niliionaka zamani. Mi nilikuwa nasimamisha kanda pale sababu ya koko yako."

Mama, hata leo, ananiambia nisijitese. Anasema baada ya matanga ndipo Koko alipoanza kulala usingizi, na kwamba kungoja kulikuwa kunamla. Huenda. Lakini Koko aliendelea kuja Jumamosi, akamenya karanga, fundi akakanyaga pedali, chefu akapanda farasi, na kamwe hakuuliza tena kama alifika. Hilo ndilo ninalolijutia, na sitegemei kuacha.

Fundi alihamia Cape Town na cherehani yake. Koko tulimzika huku huku, mbali na ziwa. Mjomba hajarudi. Jumamosi mchana jengo liko kimya, kila mtu na kioo chake na vidude masikioni, na mtoto wangu, anayeniitikia Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, hahitaji mtu wa kumtafsiria lolote.

Daraja la kamba likafika. Kabla sijafikiri, nilinyoosha kidole chenye maji ya sombe nikasimamisha filamu.

"Imeishia hapo," nilisema.

"Eish, Mama." Alinionyesha ule mstari chini ya kioo. "Haijaisha. Bado dakika tisa."

Kweli, tisa. Siku hizi huwezi kusingizia mashine. Nikamwambia mwisho ninaoujua mimi ni mwingine. Nikaanza kugonga meza kwa vidole, haraka haraka, kwa Kiswahili cha vumbi la shaba: kamba, jiwe, farasi, ukungu. Vidole vyangu si pedali, lakini nilijitahidi.

"Alifika?" aliuliza, kwa Kiswahili.

Vidole vyangu vikaenda polepole, halafu polepole zaidi. Mwanangu akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akangoja.