Mkono wa Verna

Wifi yangu Verna Teachout hakuwahi kumnyima mtu mvinyo. Kama yupo aliyetoka kwenye kaunta yetu na kiu, basi huyo alikuja tukiwa tumefunga. Nalisema hili mapema kwa sababu mkono wake huo mwepesi nusura umng'olee mizabibu ya baba yake, na mimi nilikuwepo, nikiosha glasi na kuona kila kitu.

Alizaliwa kwenye nyumba hii hii juu ya Ziwa Keuka. Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule, akawapeleka watoto wa bonde zima na kuwarudisha salama, theluji ikiwa imefika magotini. Hata leo mtu mzima mwenye mvi akiingia chumba cha kuonjea kwa makelele, Verna humwambia, "Kaa chini," naye hukaa kabla hajajua kwa nini. Aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja wa Rochester. Bwana akaonja mvinyo wa Catawba wa baba mkwe mtarajiwa, akakunja uso, akauliza kama kuna bia. Uchumba ukafia hapo. Wakati ule nilimwona wifi mkaidi. Siku hizi naona alitua mzigo mapema.

Catawba ni zabibu yetu ya huku, na mvinyo wake ni mtamu, wa rangi ya waridi. Baba mkwe aliipanda kwenye mteremko juu ya ghala. Mwaka ule baridi ilipoua mizabibu yote ya asili ya Ulaya kando ya ziwa, Catawba ilijikung'uta theluji ikachipua. Verna husimulia habari hiyo kama mama anayesimulia jinsi mwanawe alivyofaulu mtihani.

Aliyeleta vita ni binti yangu, Maren. Mume wangu Merritt, kaka yake Verna, alipofariki, nusu ya shamba ilibaki kwa dada yake na nusu kwa binti yake. Maren alikuwa Ujerumani akisomea mvinyo, akarudi na mapenzi makubwa ya Riesling, zabibu nyeupe ya huko. Na nisiwe mnafiki, Riesling yake ni nzuri sana. Haina sukari, ina uchachu wa tofaa la kijani, na ukiimeza mdomo unabaki safi. Mwaka wake wa kwanza tu, na watu walianza kuiulizia kwa jina. Nilijivuna naye mpaka majirani wakanichoka.

Jioni moja mwanzoni mwa Oktoba, tukila viazi vya chumvi, akasema, "Shangazi, ule mteremko wa juu ndio bora shambani. Tung'oe Catawba, tupande Riesling."

Verna akaweka uma chini. "Ning'oe meno kwanza."

"Watu hawaitaki tena. Inanukia jemu."

"Na jemu imekukosea nini? Si ndiyo iliyokukuza?"

"Wageni wa siku hizi wanajua kuonja, shangazi. Wana ulimi."

"Wa zamani walikuwa na nini, kwato?"

Nilicheka, binti yangu akanitazama kama msaliti. Ndipo akaleta wazo la ndoo. Kwenye kaunta huwa tunaweka ndoo ya bati ambamo mgeni humwaga mvinyo asioumaliza. Jumamosi iliyokuwa inakuja, barabara ya ziwa ingejaa watu wa mjini wanaokuja kutazama majani mekundu. Basi yeye na shangazi yake kila mmoja asimame na mvinyo wake na ndoo yake, kila mgeni aonje kote kuwili, na jioni mwenye ndoo iliyojaa zaidi ameshindwa. Ikijaa ya Catawba, mteremko ung'olewe. Ikijaa ya Riesling, Maren asiutaje tena mteremko ule shangazi yake akiwa hai.

"Kizuri chajiuza," Maren akasema.

"Na kibaya chajitembeza hadi Ujerumani," Verna akajibu, wakapeana mikono juu ya viazi vyangu. Mimi nikateuliwa mwamuzi, kwa sharti la kutoingilia.

Jumamosi Maren alikaa barazani na Riesling yake. Kwenye chupa alitia kizibo cha kupimia, kinachotoa mafunda mawili hivi kisha kinajifunga chenyewe. Alikuwa amempa shangazi yake kizibo kama hicho asubuhi. Verna akakigeuzageuza mkononi.

"Hiki ni cha dawa ya kikohozi," akasema, akakitupa kwenye droo.

Wageni wakaja makundi kwa makundi. Walipita kwanza kwa Maren barazani, wakasifu, wakaingia ndani kwa Verna, naye akawamiminia kama alivyofundishwa na baba yake, glasi ikafika karibu na ukingo. Mzee mmoja alipokunywa alifumba macho, akasema bibi yake alikuwa na zabibu za harufu hiyo hiyo nyuma ya nyumba. Verna alimeremeta. Halafu mzee akatazama ile nusu iliyobaki, akamtazama mkewe, akasema, "Ah, mimi ndiye dereva," akaimimina ndani ya ndoo. Aliyefuata alikuwa na viwanda vingine vya mvinyo vya kupitia kabla ya jioni. Akasifu, akanywa nusu, akamwaga nusu. Na wa baada yake vilevile.

Saa sita mchana nilichungulia ndoo ile, ilikuwa imefika nusu.

"Verna," nikanong'ona, "punguza mkono."

"Nipunguze nini? Glenda, wewe umeolewa tu humu. Sisi mgeni hatumpi matone."

Naye alikuwa ameiona ndoo. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba ameumia, na kwamba anadhani watu wanakunja uso akigeuka. Kwa hiyo alizidi kuwabembeleza, na kila alipozidi kubembeleza alizidi kumimina. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mimi nilimwonea huruma hadi nikavunja glasi mbili. Nilitaka mwanangu ashinde, na nilitaka wifi yangu asishindwe.

Mgeni wa mwisho alipoondoka tuliweka ndoo mbili juu ya kaunta. Ya Maren ilikuwa na mvinyo wa kufunika kitako tu. Ya Verna ilikaribia mpini. Maren hakushangilia. Alisimama ameshika funguo za lori, maana ilimpasa aende mjini Penn Yan kuchukua makreti ya kuvunia zabibu kesho yake.

Nikafungua mdomo. "Maren, sikiliza, shangazi yako..."

"Glenda!" Ilikuwa sauti ile ya basi la shule, na mimi nikanyamaza kama wengine wote. "Sitaki kutetewa. Tulipeana mikono. Ndoo imesema." Akafuta kaunta, ingawa ilikuwa safi. "Nina ombi moja tu. Siku ya kuing'oa, trekta nitaendesha mimi. Asije mtu mwingine akaigusa."

Mimi ndiye niliyelia.

"Shangazi..."

"Onja kwanza. Uing'oe ukiijua." Akachukua glasi, akammiminia binti yangu kama alivyowamiminia wote.

Maren hakuinusa wala kuizungusha kama wasomi wenzake. Alikunywa. Akanywa tena. "Ni nzuri, shangazi. Sikusema hata siku moja kwamba ni mbaya." Kisha akazitazama funguo mkononi, akanyoosha mkono, akaanza kumwaga nusu iliyobaki kwenye ndoo.

Mkono ukasimama hewani.

Aliitazama glasi. Akaitazama ndoo. Akageuka akatazama chupa tupu zilizopangwa nyuma ya mlango.

"Shangazi, umewamiminia wote hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi! Glasi nzima!"

"Sasa nusu glasi ni ya nani? Ya paka?"

Maren akanigeukia. Nikainua mikono yangu yenye sabuni, maana mwamuzi haingilii. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta. "Hawakuichukia! Jamani, walikuwa wanaendesha!"

Verna aliikodolea macho ndoo. Halafu akainua kidevu. "Haidhuru. Neno ni neno. Imejaa ya kwangu."

"Sawa. Nusu yako ing'oe," Maren akasema. "Nusu yangu haing'oki."

"Mtoto jeuri wewe."

"Nimerithi."

Akaichukua chupa mwenyewe, akaijaza glasi karibu na ukingo, bila kizibo wala kipimo, akainywa polepole hadi mwisho. Alipomaliza aliigeuza juu chini juu ya ndoo ya shangazi yake. Halikudondoka hata tone. Akamtupia Verna funguo za lori.

"Mimi siwezi kuendesha tena. Makreti yanangoja Penn Yan. Na huko njiani unieleze hiyo Catawba inapogolewa vipi, maana Ujerumani hawakunifundisha."

Verna hakuwa ameonja hata funda siku nzima. Hagusi mvinyo akiwa kazini, hiyo ni desturi aliyotoka nayo kwenye basi. Alivua aproni, akaikunja, akairekebisha kola yake mbele ya kioo cha mlango. Nilimwona akipita chini ya mteremko wa baba yake mgongo umenyooka, na binti yangu nyuma yake akiyumba kidogo. Nilijivunia wote wawili.

Verna akafungua mlango wa lori.

"Panda," akasema. "Kaa chini. Na usimsemeshe dereva."